Ushahidi wa DNA mahakamani: Unathibitisha nini, na hukosea wapi?

MNAMO mwaka 2008, mahakama moja mjini Melbourne, Australia, ilimhukumu kijana mwenye asili ya Kisomali kifungo cha miaka sita gerezani kwa kosa la ubakaji. Mwanamke aliyesemekana kutendewa unyama huo alikuwa amepatikana amezimia chooni katika klabu ya burudani mwaka 2006, na hakukumbuka lolote lililompata. Hakuna shahidi aliyesema alimwona kijana huyo pale. Klabu yenyewe ilikuwa ya watu waliomzidi umri kwa miaka kadhaa. Jamaa zake walieleza kuwa usiku ule alikuwa nyumbani, kando ya kitanda cha babake mgonjwa, akisoma Kurani.

Upande wa mashtaka ulikuwa na kitu kimoja tu. Sampuli iliyochukuliwa mwilini mwa mwanamke huyo ilikuwa na DNA iliyolingana na ya kijana. Hiyo ilitosha kumfunga.

Hukumu ilifutwa Desemba 2009, baada ya kijana kukaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja. Ilibainika kwamba muda wa siku moja hivi kabla ya mwanamke huyo kufikishwa hospitalini, daktari yule yule, katika chumba kile kile, alikuwa amemchunguza mwanamke mwingine aliyekuwa amekutana kimwili na kijana huyo katika tukio lililoisha bila mashtaka yoyote. Chembe za mwili wake zilihama kutoka uchunguzi mmoja hadi mwingine. Jaji mstaafu Frank Vincent, aliyeteuliwa kuichunguza kesi hiyo na kutoa ripoti mwaka 2010, alieleza kuwa DNA ilichukuliwa kana kwamba ni kitu cha kimiujiza kisichoweza kukosea, hata kila jambo lililopaswa kuzua shaka likapuuzwa. Zaidi ya hayo, hapakuwa na hakika kwamba uhalifu wowote ulitendeka usiku huo.

Mashine za maabara hazikukosea katika kesi hiyo. DNA ilikuwa ya kijana huyo kweli. Kilichokosewa ni maelezo ya jinsi ilivyofika pale, na hilo ni swali ambalo maabara peke yake haina uwezo wa kulijibu.

Humu nchini, Wakenya wengi wameijua DNA kupitia kesi za malezi na ugomvi wa urithi. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Siku hizi kitanda hupelekwa maabara. Lakini katika kesi za mauaji, ubakaji na unajisi, ambapo mtu anaweza kufungwa maisha, matumizi ya kipimo hiki yanahitaji uangalifu mkubwa kuliko ule wa kuamua nani atalipa karo.

Kipimo chenyewe

DNA ni msimbo wa urithi unaopatikana katika kila seli ya mwili yenye kiini. Mtu hurithi nusu kutoka kwa babake na nusu kutoka kwa mamake. Takriban asilimia 99.9 ya msimbo huo ni sawa kwa binadamu wote, na maabara ya uhalifu haishughuliki nayo. Kinachopimwa ni vituo vichache ambapo kipande kifupi cha msimbo hujirudia, mithili ya mtu mwenye kigugumizi anayerudia neno moja. Kwa huyu hujirudia mara saba, kwa yule mara kumi na moja. Kituo kimoja hakitofautishi watu wengi, lakini vikijumlishwa kumi au ishirini, ni nadra sana watu wawili wasio na undugu kulingana katika vyote. Marekani ilianza na vituo 13 mwaka 1998, ikaviongeza hadi 20 mwaka 2017. Pacha wa kufanana hawatenganishwi na kipimo hiki cha kawaida.

Sampuli inayopatikana mahali pa uhalifu mara nyingi ni ndogo mno. Ndiyo maana maabara hutumia mbinu ya kuzidisha nakala za DNA, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Mbinu hiyo ndiyo nguvu ya uchunguzi huu na pia ndiyo udhaifu wake, kwani huzidisha DNA ya mhalifu na vilevile DNA ya polisi aliyekohoa akiwa ameinamia maiti.

Inafaa kukumbuka kwamba kazi ya kwanza kubwa ya DNA katika kesi ya jinai ilikuwa kumwondolea mtu lawama. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua mbinu ya kutambua watu kwa DNA Septemba 1984. Karibu na mji huo, wasichana wawili wenye umri wa miaka 15 walikuwa wamebakwa na kuuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986. Kijana wa miaka 17 alikiri mbele ya polisi kumuua mmoja wao. Kipimo kilionyesha kwamba muuaji alikuwa mtu mmoja katika visa vyote viwili, na kwamba hakuwa huyo aliyekiri. Polisi wakawaomba maelfu ya wanaume wa eneo hilo watoe damu au mate. Muuaji, Colin Pitchfork, alimtuma mfanyakazi mwenzake atoe sampuli kwa jina lake, na hila hiyo ikafichuka kwa sababu mwenzake alipayuka baani. Pitchfork alifungwa maisha mwaka 1988. Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa sayansi, na ni kweli; lakini aliyemfikisha Pitchfork mikononi mwa polisi ni mtu aliyesikia maneno baani.

Hesabu inayopotosha

Mtaalamu anapofika mahakamani husema, kwa mfano, kwamba alama za DNA zilizopatikana kwenye kisu hupatikana kwa mtu mmoja kati ya milioni moja. Wengi, wakiwemo mawakili, husikia kwamba uwezekano wa mshtakiwa kutokuwa na hatia ni mmoja kwa milioni. Sivyo hata kidogo.

Tuchukue hesabu za nyumbani. Sensa ya mwaka 2019 ilipata wanaume takriban milioni 23.5 nchini Kenya. Ikiwa alama hizo ni za mtu mmoja kati ya milioni, basi nchi ina wanaume wapatao 23 au 24 wenye alama hizo. Pasipo ushahidi mwingine, mshtakiwa ni mmoja tu wa hao. Lakini akiwa pia alipatikana na simu ya marehemu, au alionekana akitoka katika boma hilo alfajiri, kundi hilo hupungua haraka hadi kubaki yeye. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilitoa mwongozo wa aina hiyo mwaka 1996, ikaonya kwamba mtaalamu aeleze takwimu tu, asivuke mpaka na kusema mshtakiwa ndiye aliyetenda.

Maabara nyingi za leo hutoa takwimu za mmoja kati ya mabilioni, na hapo hoja ya wanaume 23 huyeyuka. Hata hivyo, takwimu hizo huhesabiwa kwa watu wasio na undugu. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki sehemu kubwa ya alama zao. Katika kijiji ambapo washukiwa wote ni wa ukoo mmoja, wakili asiyeuliza kama kaka za mshtakiwa walipimwa hajafanya kazi yake.

Idadi ya vituo pia ina uzito. Mwaka 1999, polisi wa Uingereza walimkamata mtu wa mji wa Swindon kwa wizi wa kuvunja nyumba uliofanyika Bolton, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwake. DNA yake ililingana katika vituo sita, na uwezekano wa kulingana kwa bahati ulitajwa kuwa mmoja kwa milioni 37. Mtu huyo alikuwa na ugonjwa wa Parkinson na hakuweza kutembea mbali bila kusaidiwa. Wakili wake alisisitiza kipimo kirudiwe kwa vituo kumi, na hapo ikaonekana siye. Ukilinganisha sampuli moja na hifadhi yenye majina ya maelfu kwa maelfu ya watu, jambo lenye uwezekano mdogo hutokea siku moja.

Mikono inayogusa sampuli

Kisa mashuhuri zaidi cha uchafuzi wa sampuli kilitokea Ujerumani. Kuanzia mwaka 1993 hadi 2009, DNA ya mwanamke mmoja ilipatikana katika zaidi ya matukio 40 ya uhalifu nchini Ujerumani, Austria na Ufaransa, yakiwemo mauaji ya afisa wa kike wa polisi mjini Heilbronn Aprili 2007. Zawadi ya Euro 300,000 ilitangazwa kwa atakayesaidia kumnasa. Wapelelezi walianza kushuku pale DNA hiyo ya kike ilipojitokeza kwenye hati za mwanamume aliyekuwa ameaga dunia. Mhalifu huyo hakuwahi kuwepo. Vijiti vya pamba vilivyotumiwa na polisi kuchukua sampuli vilikuwa vimeguswa na mfanyakazi katika kiwanda kilichovifunga. Vilikuwa vimetakaswa dhidi ya viini vya maradhi, lakini utakasaji huo huua viini bila kuondoa DNA. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni mahususi, ISO 18385, kuhusu vifaa vya aina hii. Mauaji ya afisa huyo yalikuja kuhusishwa na kundi la wabaguzi wa rangi lililofichuka mwaka 2011; polisi walikuwa wamepoteza miaka wakimwinda mfungaji wa pamba.

Hata pasipo uzembe, DNA husafiri. Mwishoni mwa mwaka 2012, tajiri mmoja aliuawa nyumbani kwake karibu na San Jose, California. Chini ya kucha zake ilipatikana DNA ya mtu asiye na makao ambaye polisi walikuwa na rekodi zake. Alizuiliwa kwa takriban miezi mitano akikabiliwa na shtaka la mauaji. Alikuwa mlevi kupindukia, na hata yeye hakuweza kuapa kwamba hakufanya. Wakili wake ndiye aliyegundua kwamba usiku wa mauaji mtu huyo alikuwa amelazwa hospitalini akiwa hajitambui. Wahudumu wa ambulensi waliompeleka huko ndio walioitwa saa chache baadaye katika nyumba ya marehemu, na DNA ikasafiri pamoja nao. Jiulize, msomaji: ingekuwaje lau usiku huo angelala chini ya daraja, bila rekodi ya hospitali?

Tatizo jingine ni sampuli yenye mchanganyiko wa watu watatu au zaidi, kama vile mpini wa panga ulioshikwa na nyumba nzima. Hapo mtaalamu hulazimika kufasiri, na kila mfasiri huwa na macho yake. Watafiti Itiel Dror na Greg Hampikian walichapisha mwaka 2011 matokeo ya jaribio walilofanya kwa kutumia data kutoka kesi halisi ya ubakaji wa genge katika jimbo la Georgia, Marekani. Wataalamu waliohusika na kesi hiyo walikuwa wamesema mmoja wa washukiwa hawezi kuondolewa katika mchanganyiko. Wataalamu 17 wa maabara nyingine walipopewa data ile ile bila kuelezwa habari za kesi, ni mmoja tu aliyekubaliana nao. Wengine 12 walimwondoa mshukiwa huyo, na wanne wakasema haiwezekani kuamua. Ripoti ya jopo la washauri wa Rais wa Marekani ya mwaka 2016 ilitenganisha mambo haya vyema: sampuli ya mtu mmoja, au mchanganyiko mwepesi wa watu wawili, ni ya kuaminika, mchanganyiko mzito unaofasiriwa kwa maoni ya mtu hauna uthabiti huo.

Maabara hukosea kwa upande wa pili pia. Tume iliyoongozwa na Walter Sofronoff katika jimbo la Queensland, Australia, iligundua mwaka 2022 kuwa maabara ya serikali ilikuwa ikiwaandikia polisi na mahakama kwamba sampuli fulani hazina DNA ya kutosha, ilhali zingeweza kutoa jibu kama zingefanyiwa kazi zaidi. Kosa la namna hiyo halimfungi asiye na hatia. Humwacha mbakaji mitaani.

Sheria ya Kenya

Bunge liliingiza DNA katika Kanuni ya Adhabu mwaka 2003. Kifungu cha 122A kinamruhusu afisa wa polisi mwenye cheo cha inspekta au zaidi kuagiza kwa maandishi kwamba mshukiwa wa kosa kubwa atoe sampuli, iwapo kuna sababu za kuamini itathibitisha au kukanusha shtaka. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 36, inaipa mahakama uwezo wa kuagiza mshtakiwa apimwe. Ripoti ya mtaalamu wa serikali hukubaliwa chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi bila yeye kufika, lakini mahakama inaweza kumwita ahojiwe. Ni mshtakiwa asiye na wakili ambaye mara nyingi hajui kwamba anaweza kuomba aitwe.

Washtakiwa wengi wa unajisi wamekata rufaa wakidai hukumu ni batili kwa kuwa hawakupimwa DNA. Majaji wamekuwa wakiwarudisha mikono mitupu. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba ubakaji au unajisi hauthibitishwi kwa DNA bali kwa ushahidi wa kimatibabu, na mwaka 2015, ikiketi Malindi, ikafafanua kuwa kifungu cha 36 hakilazimishi kipimo hicho. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi nacho kinaruhusu hukumu kwa maneno ya mtoto mwathiriwa peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake.

Msimamo huo ni wa busara. Kungekuwa na sharti la DNA, mtoto aliyenajisiwa Turkana au Mandera, mamia ya kilomita kutoka maabara za Mkemia wa Serikali zilizoko Nairobi, Mombasa na Kisumu, asingepata haki kamwe. Lakini neno "si lazima" linaweza kugeuka kisingizio cha polisi kutopeleka nguo iliyopo, kwa mshtakiwa aliyepo, ambaye mwenyewe anaomba apimwe. Hapo ni vigumu kuona sababu ya kumnyima.

Kuna aina moja ya kesi ambapo DNA hujibu karibu kila swali. Msichana aliye chini ya miaka 18 akizaa, na kipimo kionyeshe kwamba mshtakiwa ndiye baba, hapana nafasi ya hadithi za chembe kuhama kwenye glavu. Mtoto ni ushahidi wa tendo, na sheria haitambui ridhaa ya mama wa umri huo. Kipimo kikisema siye baba, hata hivyo, hakimwondolei lawama moja kwa moja; huenda msichana alitendewa na zaidi ya mtu mmoja. Kwa mwanamke mtu mzima mambo ni tofauti kabisa. Ikiwa mshtakiwa anakubali walikutana na ubishi ni kuhusu ridhaa, DNA haina la kusema.

Kabla ya maabara kuna safari. Mwathiriwa anahimizwa kufika hospitalini ndani ya saa 72, bila kuoga wala kufua nguo. Nguo yenye damu au manii ikaushwe na kutiwa katika bahasha au mfuko wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu, ukungu humea na DNA huoza. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini kituoni bado utaona vielelezo katika plastiki ya kila namna.) Kila anayepokea kielelezo huandika jina, tarehe na saa. Pengo katika orodha hiyo ndilo wakili mahiri huingilia, na sidhani analaumika.

Serikali ilifungua maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa jinai ya DCI mwaka 2022, ikawa nyongeza kwa zile za Mkemia wa Serikali. Uzito wa kazi ulionekana baada ya mkasa wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Ufukuaji wa makaburi ulianza Aprili 2023 na miili ikapita 400, mingi ikiwa imeharibika. Familia zilizotoa sampuli zilisubiri hadi Machi 2024 ndipo miili ya kwanza iliyotambuliwa kwa DNA ikaanza kukabidhiwa.

Kuhusu hifadhi ya DNA ya raia wote, Mahakama Kuu iliamua Januari 30, 2020, katika kesi ya usajili wa Huduma Namba, kwamba kukusanya DNA kwa mpango huo kulikiuka Katiba kwa kuingilia faragha ya watu.

Linalobaki bila kuzungumziwa sana ni hatima ya vielelezo baada ya hukumu. Nchini Marekani, Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo jimboni Maryland mwaka 1985 kwa ushahidi wa watu watano waliodai kumwona. Aliachiliwa mwaka 1993 kwa sababu nguo ya mtoto aliyeuawa ilikuwa bado imehifadhiwa na ikapimwa. Miaka kumi baadaye DNA ile ile ilimtambua muuaji halisi. Zaidi ya Wamarekani 375 wameondolewa hatia kwa njia hiyo tangu mwaka 1989. Katiba ya Kenya, katika ibara ya 50(6), inampa mfungwa aliyemaliza rufaa zake haki ya kuomba Mahakama Kuu isikize kesi upya iwapo ushahidi mpya na mzito umepatikana. Haki hiyo inategemea nguo, kijiti cha pamba au shuka ambayo, kesi inapokwisha, mahakama yenyewe huweza kuagiza iteketezwe.